Anti, kaunsela anasema tuangalie mawazo yangu, kwani najifanyia huu ugonjwa?

Anti, habari yako. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko na miaka 34, nashona nguo hapa soko ya Kibuye, Kisumu. Nimekuwa nikisoma majibu yako kitambo nikisema siku moja nitaandika, sasa naandika saa nane usiku kwa sababu usingizi umekataa tena na bwana amelala hapa kando sitaki kumuamsha.

Mama yangu aliaga mwaka jana mwezi wa nane, nyumbani kule upande wa Ugunja. Alikuwa mtu wa presha miaka mingi. Siku hiyo jirani yake alinipigia saa tatu usiku, mara nne, na simu ilikuwa kwa chaji chumba kile kingine, iko sailenti kwa sababu nilikuwa namalizia yunifomu za watu shule zikikaribia kufunguliwa na sikutaka kusumbuliwa. Hizo simu niliziona saa kumi na moja asubuhi. Kupiga naambiwa walimbeba na boda usiku, akafia njiani, daktari akasema ni kiharusi. Anti, mimi ndio nilimuua mama yangu. Watu wakiniambia si wewe nawaangalia tu, hawajui simu ilikuwa wapi.

Mwanzo nililia kama mtu yeyote aliyefiwa. Kuanzia Disemba ikawa kitu kingine, silii tena, hata afadhali ningelia. Naamka saa tisa usiku na siwezi kurudi kulala, omena nakula naskia kama natafuna karatasi, nimepunguza sketi zangu kiuno mara mbili. Cherehani nimeifunika na kitenge tangu Februari. Kilichofanya niifunike ni kitu kidogo. Kastoma mmoja nilimshonea rinda la harusi ya dadake, akalirudisha ati kwapa limebana, akaongea kwa sauti mbele ya mafundi wenzangu kwamba siku hizi naharibu vitambaa vya watu. Nikafumua nikarekebisha akaenda zake. Lakini nilikaa pale nikaona ukweli, mimi sijui kushona na sijawahi kujua, watu walikuwa wananihurumia tu. Tangu hiyo siku nikishika kitambaa mikono inakuwa mizito kama nimebeba mtungi wa maji.

Nimetibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja. Wifi yangu anasema ni uvivu. Nyumbani wanasema ni chira, kuna mambo ya matanga ya mama hayakufuatwa. Kanisani wameniombea na nashukuru, nikiwa pale naskia nafuu halafu nikifika kwa mlango wangu inarudi.

Mwezi uliopita nikaenda hospitali, nikapewa fomu ya maswali tisa, nikapata 17, daktari akasema ni dipresheni akanipa fluoxetine. Nikameza siku tisa sikuona kitu nikaacha. Halafu nikapelekwa kwa kaunsela, msichana mdogo mpole tu, akaniambia tutafanya tiba ya kuangalia mawazo yangu kwa sababu vile ninavyofikiria ndio kunaendeleza ugonjwa. Nilitoka pale na hasira sijawahi kuwa nayo. Kwani najifanyia? Mama amekufa kweli. Simu ilikuwa sailenti kweli. Rinda lilibana kweli. Sasa ni mawazo gani hayo ya kubadilisha, niseme niko sawa na siko sawa? Nirudi Alhamisi ijayo ama niachane nao?

Na saa zingine, hii sijaambia mtu, natamani nilale tu nisiamke, watoto walelewe na mtu mwenye nguvu.

Fundi, Kibuye

*

Dadangu, pole. Pole ya mama na pole ya hizo usiku zote.

Nianze na ule mstari wako wa mwisho kwa sababu ndio mzito kuliko yote na umeuweka chini kabisa kama mtu anayeficha kitu chini ya godoro. Nakuuliza wazi: umeshafikiria njia? Kuna kitu umeweka mahali, dawa ya panya, dawa ya shamba, vidonge umekusanya? Watu huogopa kuuliza hili swali wakidhani litamtia mwenzao wazo, haliko hivyo, mtu akiulizwa wazi hupata mahali pa kutua mzigo. Kama jibu lako ni ndiyo basi mambo ya Alhamisi tuyaache, ni leo. Muamshe bwanako umwambie maneno yale yale uliyoniandikia, hivyo vitu vitoke nyumbani viende kwa mtu mwingine, na muende hospitali. Kama hamwezi kutoka piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikukati pesa, ama Befrienders Kenya 0722 178 177. Na kama jibu ni hapana, ni vile tu umechoka mpaka unatamani kulala moja kwa moja, bado Alhamisi hicho ndicho kitu cha kwanza kumwambia kaunsela. Lile swali la tisa kwenye fomu yako lilikuwa linauliza jambo hilo hilo, na vile umesema hujaambia mtu nashuku hapo uliweka sifuri.

Wengi hunyamaza hospitalini wakiogopa polisi, kwa sababu ya ile sheria ya tangu ukoloni ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho cha 226 kinakwenda kinyume na katiba. Na hata kabla ya hapo, kusema natamani nisiamke halikuwa kosa. Ni dalili, kama vile homa ni dalili, na daktari hawezi kuitibu kama hajaiskia.

Sasa hasira yako. Mimi naielewa sana, na sikulaumu, kwa sababu nafikiri ulielezwa jambo la kweli kwa haraka. Ukiambiwa mawazo yako ndio yanaendeleza ugonjwa unaskia ati umejiletea. Lakini hebu fikiria mtu wa malaria anayetetemeka kwa baridi na jua la Kisumu liko juu la saa saba. Ile baridi anayoskia ni ya kweli, hajifanyi, lakini jua pia ni la kweli, na ukimwuliza hali ya hewa atakudanganya bila kujua. Dipresheni hufanya hivyo kwa fikra. Inashika mahali pa kupimia, ile sehemu ya akili inayosema hili ni kubwa, hili ni dogo, hili ni kosa langu, hili litaisha, na kuanzia hapo kila kitu unachopima kinatoka kibaya. Wewe hukuchagua kufikiria hivyo. Na hakuna anayekuambia mama hakufa ama rinda halikubana.

Hii tiba kaunsela anakutajia, wanaiita CBT kwa kifupi, tiba ya fikra na matendo, sehemu kubwa yake ilianza na daktari mmoja wa Marekani anaitwa Aaron Beck, alizaliwa 1921 akafariki 2021 akiwa na miaka 100. Alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Philadelphia, na enzi hizo walikuwa wamefunzwa kwamba dipresheni ni hasira ambayo mtu amejigeuzia mwenyewe. Beck akaenda kuhakikisha, akachunguza ndoto za wagonjwa akitarajia kukuta hiyo hasira. Hakuikuta vile alivyotarajia. Alikuta watu wanaota wamepoteza kitu, wameshindwa, wameachwa. Halafu akianza kuwaskiliza kwa makini akagundua kwamba chini ya yale maneno wanayomwambia kuna maneno mengine yanapita mbio sana kichwani, mafupi, hayaombi ruhusa, na mtu anayaamini kabla hata hajajua ameyafikiria. Akaona yanagonga mahali patatu karibu kwa kila mgonjwa: mimi ni mtu bure, dunia inanikataa, na kesho haitakuwa tofauti.

Sasa soma barua yako. Sijui kushona na sijawahi kujua, hiyo ni wewe. Watu walikuwa wananihurumia tu, hiyo ni dunia. Watoto walelewe na mtu mwenye nguvu, hiyo ni kesho. Daktari wa Philadelphia hakujui wewe wala Kibuye na bado alishaiandika barua yako kabla hujazaliwa, na ndiyo maana nakuambia hiyo sauti ni ya ugonjwa. Ingekuwa ni hukumu ya maisha yako wewe mwenyewe isingefanana hivyo na ya wageni.

Twende kwa simu, maana hapo ndipo kidonda kilipo na sitaki kupita mbio.

Umesema mambo mawili kama ni moja. Simu ilikuwa sailenti, na mimi nilimuua mama. La kwanza ningeweza kulipiga picha, simu iko mezani, waya umechomekwa, simu nne hazijashikwa. La pili huwezi kulipiga picha, limeongezwa, na limeongezwa haraka sana hata hukuona mahali lilipounganishwa. Wewe ni fundi, unajua mshono mzuri hauonekani kwa nje, lazima ugeuze nguo. Basi tugeuze. Saa tatu ile simu ingeshikwa, ungefanya nini? Ungempigia mtu wa boda. Jirani alimpata mtu wa boda. Ungesema apelekwe hospitali haraka. Alikuwa anapelekwa. Wewe mwenyewe uko Kisumu, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa matatu, na usiku matatu ni za kubahatisha. Na kiharusi chenyewe, ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inafaa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kianze, na kabla ya hapo lazima kichwa kipigwe picha ya CT wajue kama mshipa umeziba ama umepasuka, kwa sababu kama umepasuka dawa hiyo hiyo inaua. Sijui mama yake nani angepata hayo yote usiku ule kwa sababu tu binti ameshika simu.

Na kuna jambo lingine. Unamhukumu mwanamke wa saa tatu usiku kwa habari za saa kumi na moja asubuhi. Yule wa saa tatu alijua nini? Alijua kuna yunifomu hazijaisha na kuna wazazi walishalipa. Angejua mama ameanguka angeitupa ile kazi hapo chini na wewe unalijua hilo.

Kaunsela huenda akakuambia ufanye kitu kinachofanana na hiki, lakini unaweza kuanza peke yako. Chukua karatasi chora chapati, duara tu. Uliza ni nini kilimfanya mama asifike asubuhi, na kila sababu uikatie kipande chake: presha ya miaka mingi, mshipa wenyewe, zile siku dawa zilikuwa zimeisha kama zilikuwepo, usiku, barabara, umbali wa hospitali, kuchelewa kugundua kwamba ni kiharusi. Wewe jikatie wa mwisho kabisa. Usijikatie kwanza, ukijikatia kwanza utachukua yote. Sitakuambia kipande chako kitakuwa sifuri, labda utabaki na kipande chembamba cha kusema ningependa ningeishika hiyo simu, niskie sauti. Hicho ni majuto ya mtu aliyempenda mamake, na utaishi nacho, wengi tunaishi nacho. Ila hakifanani hata kidogo na nilimuua.

Unaona sasa, hakuna mahali nimekuambia useme niko sawa. Hiyo tiba ya kujisemea maneno matamu mbele ya kioo siyo hii. Hii ni kama kesi, fikra imekuja imedai kitu, unaiambia leta ushahidi, na mara nyingine ushahidi unakuja kweli na unaukubali. Rinda lilibana kwapani. Sawa, tumekubali. Umeshona nguo ngapi tangu uanze hiyo kazi? Ngapi zilirudi? Na ukirekebisha hilo moja likaenda harusini, kutoka hapo hadi sijawahi kujua kushona umerukaje?

Nitakuambia moja ya sababu ulivyoruka hivyo. Mtu wa dipresheni akiulizwa akumbuke mambo mazuri hukumbuka kwa jumla jumla. 1986 watafiti wawili Uingereza, Williams na Broadbent, walichapisha kazi inayoonyesha kwamba watu waliokuwa wametoka kujaribu kujiua wakiambiwa wakumbuke siku moja mahususi walikuwa wanapata shida, hasa ya mambo mazuri, wanajibu vitu kama nilipokuwa na marafiki zangu, badala ya ile Jumamosi tulienda mahali fulani. Kumbukumbu inabaki na lebo lakini haina nguo ndani. Ndiyo maana lile rinda moja lina kwapa, lina sauti ya kastoma, lina mafundi wakiangalia, na yale mengine yote uliyoshona vizuri hayana sura. Kwa hivyo nakuomba nguo moja. Usiniambie nilikuwa nashona vizuri, niambie moja, rangi yake, ya nani, zipu uliweka wapi, siku alipokuja kuijaribu alisimama vipi.

Halafu kuna hizi saa tisa za usiku. Kwa nini niko hivi, nilikosea wapi, kwa nini mimi, na unarudi mwanzo. Ng'ombe anacheua nyasi ile ile aliyokula asubuhi, na sisi kwa Kijaluo tunasema parruok, mawazo yanayomla mwenyewe. Mwanamke mmoja wa saikolojia, Susan Nolen-Hoeksema, hilo ndilo alichunguza maisha yake yote. 1989 alikuwa Stanford kule California, alikuwa amewapa wanafunzi fomu za kupima hali zao na jinsi wanavyobeba huzuni, siku 14 baadaye tetemeko kubwa la ardhi likapiga eneo lile. Akawapima tena baada ya siku 10 na tena baada ya wiki 7. Wale waliokuwa na tabia ya kucheua hata kabla ya tetemeko ndio walikuwa na dalili zaidi za dipresheni wiki 7 baadaye. Kucheua hukupa hisia kwamba unatatua jambo, kumbe unakoroga tu. Ukiamka saa tisa usilale hapo ukicheua gizani. Toka kitandani, kaa kwa kiti, fanya kitu kidogo cha mikono, chambua maharagwe, panga vifungo kwa rangi, ukiskia usingizi rudi. Haitakuponya lakini utakuwa umekataa kukoroga.

Cherehani sasa. Hapa nitataja mbwa, univumilie. 1967 watafiti Seligman na Maier, pia wa Pennsylvania, walikuwa na mbwa waliopigwa umeme ambao hawangeweza kuuzima kwa lolote. Baadaye wakawaweka kwenye sanduku ambalo lina ukuta mfupi tu katikati, mbwa akiruka ameokoka. Wengi wao hawakuruka. Walilala chini wakalia. Mambo wanayofanyiwa wanyama kwa utafiti sipendi kabisa, lakini sehemu inayofuata ndiyo ninayotaka uiskie. Kuwaita hakukusaidia, kuwaonyesha chakula upande wa pili hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwafunga kamba na kuwavuta kwa nguvu mpaka upande ule mwingine, mara nyingi, mpaka miili yao ikajua kuruka kunafaa, ndipo wakaanza kuruka wenyewe. Na 2016 Maier na Seligman hao hao waliandika upya kwamba walikuwa wameisoma kinyume, kwamba kulala chini ndiko mwili unaanza nako mateso yakiwa marefu, na kitu ambacho ubongo unajifunza ni kwamba ninaweza.

Kwa hivyo wewe unangoja hamu irudi ndipo ushone, na hamu inangoja ushone ndipo irudi. Mmoja lazima avutwe kwa kamba. Na wifi yako akisema ni uvivu mwambie mvivu hufurahia kupumzika. Wewe kuna siku hata moja tangu Februari umefurahia kukaa bila kushona?

Dawa nitasema kwa kifupi. Siku tisa ni chache mno, fluoxetine si Panadol, huchukua wiki mbili hadi nne na wakati mwingine zaidi kabla mtu aone tofauti, na mwanzoni tumbo linaweza kukusumbua. Ukipona pia haiachwi hapo hapo, kawaida huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya nafuu, na huachwa pole pole daktari akijua. Rudi umwambie daktari uliacha siku ya ngapi, usianze tena kwa kukisia, na umwombe akupime damu pia, upungufu wa damu na shida ya tezi ya shingo huweza kujifanya dipresheni. Wala usilazimishwe kuchagua kati ya dawa na kaunsela kana kwamba ni vyama viwili. 2005 kulichapishwa utafiti Marekani wa wagonjwa 240 wenye dipresheni ya katikati hadi kali, baada ya wiki 16 waliofanya tiba ya fikra na waliomeza dawa wote walikuwa sawa, 58 kwa kila 100 walikuwa wamepata nafuu. Tofauti ilionekana baadaye, waliojifunza hiyo tiba walirudiwa na ugonjwa kidogo kuliko walioacha dawa. Lakini pia ilitegemea aliyekuwa anaifanya anaijua vizuri kiasi gani. Kwa 17 yako, ambayo si ndogo kati ya 27, wengi hutumia zote mbili.

Mambo ya chira siwezi kuingilia, hayo ni ya nyumbani kwenu. Kama kuna kitu cha matanga kilibaki na kukifanya kutakuletea amani wewe na ndugu zako, kifanyeni, ila kisiwe ndicho unachongoja ndipo uende kliniki. Na kanisa usiache, umesema mwenyewe ukiwa kati ya watu unaskia nafuu. Usiskie tu mtu akikuambia huu ni ugonjwa wa wazungu. Waafrika wenzetu wa Zimbabwe wana jina lake la siku nyingi, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na daktari wao Dixon Chibanda kuanzia 2006 amefunza nyanya wa mtaa wa Mbare kule Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki wakiwasaidia kulifungua tatizo moja moja. Walipolipima kwa wagonjwa 573, matokeo yakatoka 2016, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyanya, dadangu, waliosoma shule kidogo tu. Huyo msichana wako anaweza.

Mimi mwenyewe nilitibiwa taifodi karibu mwaka mzima, zahanati moja baada ya nyingine, kabla mtu mmoja hajaniuliza naskiaje nikiamka. Ndiyo maana nakuandikia ndefu hivi.

Kesho ukishatoa watoto kwenda shule toa kitenge kwenye cherehani. Usishone. Ipanguse vumbi, itie mafuta, badilisha sindano, halafu ukitaka funika tena. Kabla ya kuanza andika kwa karatasi ulivyojiskia kwa namba, 0 hadi 10, na ukimaliza andika tena, hata kama ni 2 na 2. Kesho kutwa ushone mshono mmoja ulionyooka kwenye kipande cha kitambaa kibovu, uandike tena. Hiyo karatasi pamoja na ile chapati ndio uende nazo Alhamisi. Na mwambie huyo kaunsela kwamba mara ya kwanza ulitoka na hasira, mwambie kwa nini, mwambie kuhusu simu na lile swali la tisa. Muombe bwanako akusindikize mpaka mlangoni, asikae nje kwa pikipiki, aingie akae pale pa kungojea.